Malazi ya Msafiri Mwenye Kazi na Tafrija Dar es Salaam

Aghalabu msafiri aendaye Dar es Salaam kwa kazi, huku akiwa ameazimia kuongeza siku mbili tatu za kuupumzisha mwili na kuutembelea mji, huanza kuchagua hoteli kwa kuhesabu nyota zake au kwa kutazama picha ya bwawa la kuogelea. Walakini mimi, ambaye uwakala wa forodha umekuwa ukinitoa Tanga na kunilaza katika mji ule mara kwa mara kwa miaka mingi, nimeyakini kwamba cha kupimwa kwanza ni saa za mchana zitakazombakia msafiri baada ya kazi, na ya kwamba hoteli iliyo bora kwake ni ile itakayozihifadhi saa hizo zisipotee njiani.

Hesabu yake ni fupi. Ofisi za serikali hufungwa saa 9:30 alasiri, na jua la Dar es Salaam, masika na kiangazi, huchwa baina ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kwa hiyo mtu aliyemaliza shughuli yake kwa wakati ana takriban saa tatu za mwanga, ambazo ndizo rasilimali yake yote ya tafrija katika siku ya kazi. Saa zizo hizo ndizo magari ya mji mzima hutoka katikati kwenda Kimara, Tegeta na Mbagala, foleni ikafunga kila njia kuu. Na anayelala mbali na kazi yake hufika chumbani giza limekwisha kutanda, shati limemganda mgongoni, wala hana tena hamu ya kutoka. Miadi haimngoji mtu, ilhali bahari humngoja. Basi ni heri kulala karibu na kazi na kuifuata tafrija, kuliko kulala karibu na tafrija na kuifuata kazi kila asubuhi.

Shughuli zangu nyingi ziko Barabara ya Sokoine, kwenye ofisi za bandari na za mapato, kwa hiyo malazi yangu huwa baina ya Kisutu, Posta na Kivukoni, ambako hoteli ziko za kila kadiri, tangu zile kubwa zinazotazama bandari hadi nyumba za ghorofa nne tano zenye vyumba visafi na bei isiyomwelemea mtu wa kawaida. Hapo naweza kutoka ofisini, nikaoga, nikabadili nguo, na kabla ya saa 10:30 nikawa barabarani kwa miguu: naipita Sanamu ya Askari iliyosimama pale tangu mwaka 1927, nafuata Barabara ya Samora hadi kwenye vivuli vya Bustani ya Mimea, kisha naingia Mtaa wa Shaaban Robert, iliko Makumbusho ya Taifa, na mtu wa Tanga hawezi kulisoma jina la mtaa huo bila ya moyo wake kufurahi, maana mwenye jina alizaliwa kwetu Vibambani mwaka 1909. Siku nyingine huteremka Feri, kwenye soko la samaki, ambako wakaangaji husimama mbele ya makarai meusi ya mafuta yanayotokota, wakigeuza vipande vya jodari na minyiri ya pweza kwa vijiti virefu, na mnunuzi huonyesha kipande chake kwa kidole, kikafungwa katika karatasi pamoja na ndimu na pilipili, akala amesimama huku akitazama pantoni ikivuka na kurudi baina ya Magogoni na Kigamboni. Starehe hiyo haimo katika bei ya chumba chochote, lakini ni mahali pa chumba panapoiruhusu.

Na ipo haki ya mtu mwingine ambayo wengi wetu huisahau. Anayefuatana na mkewe, au mke anayefuatana na mumewe, humwacha mwenzake peke yake tangu asubuhi hadi alasiri, na mwenzake huyo ndiye anayeijua hoteli kuliko yeye. Hoteli iliyozungukwa na barabara za magari tupu, isiyo na duka, wala mgahawa, wala mahali pa kukaa penye upepo, humfanya aliyekuja kupumzika awe mahabusu. Ilhali ile iliyo hatua chache kutoka Kisutu au Upanga humfikisha sokoni, maktabani na ufukweni bila ya kuomba gari.

Nisifahamike kwamba naidharau Masaki wala Oyster Bay. Mwenye kazi katika balozi na mashirika yaliyoko rasi ya Msasani hana sababu ya kulala mjini, kwani huko atapata miti, utulivu, na mashua ziendazo kisiwa cha Bongoyo kutoka Slipway. Tena tangu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022, likaunganisha Upanga na Oyster Bay kwa kupita juu ya bahari, aliyelala mjini huweza kwenda Coco Beach baada ya magharibi, foleni ikiwa imelegea, akala mihogo na mishkaki na kurudi mapema kulala. Safari ya usiku kwenda pwani ni furaha. Safari ya asubuhi kutoka pwani kwenda mjini, pamoja na watu wote waendao makazini, ni adha.

Kariakoo ina hukumu yake. Wafanyabiashara wenzetu watokao Kongo, Zambia, Malawi na Komoro hulala papo hapo, juu ya maduka, na wana hoja, kwa kuwa mali yao iko chini ya dirisha na marobota yao hufungwa na kupakiwa machoni pao. Lakini mikokoteni huanza kunguruma kabla ya adhana ya alfajiri, na sauti za wapagazi hupanda hadi ghorofa ya sita. Mwenye kununua na akae, mwenye kutaka kupumzika baada ya kununua na avuke Mnazi Mmoja. Na msafiri wa miezi ya Machi hadi Mei aongeze hadhari moja: bonde la Jangwani, baina ya Magomeni na Kariakoo, hufurika mvua kubwa zinaponyesha, Barabara ya Morogoro ikafungwa na mabasi ya mwendokasi yakasita, kwa hiyo asilale upande mmoja wa bonde ikiwa miadi yake iko upande wa pili, hata akipunguziwa bei.

Mtaa ukishachaguliwa, kinabaki chumba, na chumba hakichaguliwi kwa picha. Mimi huomba kwa upole kuonyeshwa kabla ya kutoa fedha, na mhudumu wa mapokezi mwenye adabu ya kazi yake hakatai. Nikiingia huufunga mlango, nikamwomba tunyamaze kidogo, nikasikiliza. Katika hoteli moja, ambayo ukumbi wake wa chini ulikuwa umepambwa kwa vitambaa na maua, kimya hicho kilinionyesha kwamba jenereta lilikuwa chini ya dirisha hasa, na nilipouliza juu ya mapambo nikaambiwa usiku huo kuna harusi. Nikapewa chumba cha nyuma, ghorofa mbili juu, kwa bei ile ile, nikalala hadi alfajiri. Kisha hufungua bomba la maji ya moto na kuliacha kwa muda, kwa sababu lipo bomba lenye moto wa dakika moja tu. Huwasha kiyoyozi nikasikia mlio wake, hutazama kama chandarua kina tundu, na kama iko soketi karibu na meza, kwani meza iliyotengwa na umeme haimfai mwenye kompyuta. La mwisho ni intaneti: humpigia kijana wangu aliyeko Tanga kwa video, nikiwa nimekaa kwenye meza ile nitakayofanyia kazi, wala si mapokezini, ambako mawimbi aghalabu yana nguvu kuliko vyumbani. Na kifungua kinywa kinachoandaliwa saa 1:30 hakimfai mtu mwenye miadi ya saa 2:00, hata kikiwa na maandazi, mbaazi na chai ya tangawizi.

Katika fedha, neno langu ni juu ya amana. Siku za kazi hulipiwa na mwajiri, au hutoka katika posho ya kujikimu, na siku za tafrija ni juu ya mfuko wa msafiri. Maadamu ni hivyo, na aombe hesabu mbili tangu anapofika, kila moja na risiti yake ya EFD, ile ya kwanza kwa jina na namba ya mlipakodi ya ofisi yake, ya pili kwa jina lake mwenyewe. Hapo chakula cha mkewe na nguo za wanawe zilizofuliwa hazitachanganyika kamwe na mali ya watu. Aulize pia kama bei aliyotajiwa imekwisha kuingiza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na kama chumba cha usiku wa Ijumaa na Jumamosi kina bei nyingine, maana hoteli zinazotegemea watu wa maofisi huweza kupunguza siku hizo akiombwa msimamizi kwa simu. Asitaraji huruma hiyo wakati wa Sabasaba, tangu mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai, ambapo maonesho ya Barabara ya Kilwa huujaza mji wageni. Safari ya kipindi hicho na ipangiwe malazi mapema sana.

Huulizwa kama yafaa kuhama hoteli kazi ikiisha. Kwa usiku mmoja, la, kwa kuwa kufunga na kufungua mizigo kutakula siku yenyewe. Kwa usiku mbili au zaidi, naam, na hapo huvuka Kigamboni, kwenye fukwe zilizo wazi za upande wa kusini. Nikiwa na siku ya mwisho tu, hubaki pale pale, nikaiambia hoteli jana yake kwamba chumba nitakirudisha saa 4:00 lakini begi litabaki stoo, nikachukua tikiti yenye namba, nikaomba na ruhusa ya kuoga nikirudi. Kisha huvuka kwa pantoni ya asubuhi, nikaogelea, nikala, na adhuhuri nikalichukua begi langu na kupanda mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara, na kutoka hapo gari jingine hadi Mbezi, liliko basi la Tanga.