Kulinganisha Karanga Zipelekwazo Ng'ambo

Mara nyingi utasikia ya kuwa nchi fulani yapeleka karanga nyingi ng'ambo kupita nchi nyingine, nawe ukashawishika kulima shamba lako lote karanga. Habari hiyo yaweza kuwa kweli, na tena yaweza kukupoteza. Somo hili lakufundisha kuzipima hesabu za namna hiyo kabla hujatia jembe ardhini. Mifano yetu ya kwanza ni Senegal na Nigeria, katika Afrika ya Magharibi, kwa sababu karanga za huko zililimwa na watu wenye mashamba madogo kama wewe.

1. Uliza kwanza: ni tani za nini?

Ukimenya kilo 100 za karanga zenye maganda, hubaki kadiri ya kilo 70 za punje. Katika miaka ya 1930, mavuno yalipokuwa mema, Senegal ilipeleka zaidi ya tani 500,000 kwa mwaka, nazo zilihesabiwa pamoja na maganda. Katika miaka ya 1960 Nigeria nayo ilipeleka zaidi ya tani 500,000 katika mwaka mwema, lakini hizo zilikuwa punje tupu. Asomaye kwa haraka atasema nchi hizo zilikuwa sawasawa. Sivyo: tani 500,000 zenye maganda ni kadiri ya tani 350,000 tu za punje. Basi usilinganishe mizigo miwili mpaka umejua kwamba imepimwa kwa namna moja.

2. Usitazame mwaka mmoja

Reli ilipofika Kano, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 1911, Waingereza walitumaini kupata pamba. Wakulima walichagua karanga, kwa kuwa bei yake ilikuwa nzuri na tena zaliwa nyumbani. Mwaka 1912 Nigeria ilipeleka kadiri ya tani 2,500. Mwaka 1913 zilikuwa kadiri ya tani 19,000. Hesabu hiyo yapendeza. Lakini mwaka huo huo wa 1913 mvua zilikosekana, na mwaka 1914 njaa kali iliwapata watu wa Kano. Hesabu ya bandarini yaonyesha kilichoondoka. Haionyeshi kilichobaki ghalani.

3. Tafuta sababu ya kupanda na kushuka

Hesabu ya Nigeria ilishuka sana baadaye. Ukame wa miaka ya 1972 na 1973 uliharibu mazao. Mwaka 1975 ugonjwa wa rozeti, uletwao na vidukari, ulidumaza mimea katika mashamba mengi mno. Tena bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, na fedha za mafuta ya petroli ziliwavuta watu kwenda mijini. Kabla ya mwaka 1980 nchi ile ilikuwa karibu kuacha kabisa kupeleka karanga ng'ambo.

Lakini si kila kushuka ni hasara. Senegal ilizidi kukamua karanga nyumbani, ikapeleka mafuta na mashudu. Karanga zikipungua bandarini huenda zimeingia kiwandani, wala hazikukosekana shambani.

4. Mfano wa Kongwa

Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga kwa mitambo huko Kongwa, katika Tanganyika, wakikusudia kufyeka zaidi ya eka 3,000,000. Ardhi ilikauka ikawa ngumu kama tofali, mvua zikawa haba, na mitambo ikavunjika. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kupotea kadiri ya pauni 36,000,000. Wakulima wa Kano walikuwa na jembe la mkono, lakini waliijua ardhi yao na mvua yake. Basi hesabu ya eka zilizokusudiwa si hesabu ya magunia.

5. Mambo ya kutenda

(a) Andika daftari lako kila mwaka: eka ulizolima, magunia uliyovuna, uzani, bei, na siku mvua ilipoanza. Linganisha miaka mitano, wala si mmoja.

(b) Tenga kwanza shamba la chakula litoshalo nyumba yako. Karanga za kuuza zifuate.

(c) Panda mapema, mvua za kwanza zikinyesha, na kwa nafasi ya karibu, ili majani yafunike ardhi upesi. Vidukari hupenda zaidi mimea iliyochelewa na iliyotawanyika. Ng'oa pia maotea ya karanga za mwaka uliopita, maana huficha ugonjwa.

(d) Kausha vema kabla ya kuweka ghalani, kwani karanga mbichi huota ukungu wenye sumu.

Ukiambiwa, "Nchi fulani imepeleka tani nyingi," uliza: zimepimwaje, kwa miaka mingapi, na waliozilima walibakiwa na nini? Ukipata majibu hayo matatu, ndipo uamue eka zako.