SOMO LETU: ANAYEPITA NJIA NDIYE MLINZI WAKE
Namna watembeaji wanavyoweza kutunza mapito ya misitu, kutoka mjini hadi milima ya Ngong



Sisi tunaokaa Kawangware, Kangemi, Dagoretti na Kibera tunajua kutembea. Wengi hutembea kila asubuhi hadi mjini kwa sababu nauli haipo. Lakini siku hizi kuna kutembea kwa namna nyingine pia. Vikundi vya vijana, akina mama na hata wazee wastaafu huamka Jumamosi, wakapanda matatu ya 111 hadi Ngong, kisha wakatembea mgongoni mwa milima mpaka Kona Baridi, safari ya zaidi ya kilomita 10. Wengine huzunguka Arboretum au hupita ndani ya msitu wa Ngong Road. Ni jambo zuri kwa mwili na kwa roho.

Swali la somo hili ni moja tu: je, hayo mapito yanatunzwa na nani? Wengi wetu tukiulizwa tutajibu, "Si ni kazi ya serikali?" Hebu tuangalie.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pale pale katikati ya jiji. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walipinga, na jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alipigwa na kuumizwa alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi. Leo Karura ina ua, na watu wa kila aina huingia kutembea.

Msitu wa Ngong Road, ulio jirani yetu zaidi, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932 ukiwa na zaidi ya hekta 2,900. Sasa zimebaki kama hekta 1,200. Mwaka 2025 tu, mabishano makubwa yalizuka juu ya mpango wa kujenga hoteli ya watalii ndani yake, na watu wakaenda mahakamani.

Funzo ni lipi? Ardhi ya umma isiyo na wenyewe wanaoijua huenda kimya kimya. Lakini mahali ambapo watu hupita kila wiki, kigingi kikipigwa usiku, asubuhi kimeonekana. Kwa hiyo mtembeaji ana macho ambayo ofisi haina. Tuone sasa anaweza kufanya nini.

1. LIPA KIINGILIO, DAI RISITI

Wako wanaojua njia ya panya ya kuingia msituni bila kulipa, na wanajisifu kwayo. Jamani, tunamwibia nani? Kiingilio kinachopokelewa na shirika la misitu, KFS, ni sehemu ya fedha zinazolipa walinzi na kutengeneza njia. Lipa kwa njia rasmi tu, si mkononi mwa mtu, na utunze risiti. Kule Ngong, ulizia pia walinzi wa kuwasindikiza. Kikundi kinachosindikizwa hutembea salama.

2. USIKATE KONA

Njia ya mlimani hupindapinda kwa makusudi, ili maji ya mvua yasiteremke kwa kasi. Mtu mmoja akikata kona, nyasi hulala. Wakipita hamsini, nyasi hufa na udongo hubaki mtupu. Ikija masika, maji hupata mfereji tayari, na baada ya misimu michache kuna korongo ambalo hata mbuzi hapiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vivyo hivyo wakati wa matope. Kila mtu akikwepa tope kwa kupita kando, njia ya futi tatu huwa ya futi kumi. Vaa viatu vya kazi upite katikati. Viatu huoshwa; mlima hauoshwi ukarudi.

3. SHIKA JEMBE

Hapa ndipo wengi hawajafikiria. Njia huharibiwa na maji kuliko miguu. Dawa yake ni makinga maji: mawe au gogo lililozikwa mshazari kukata njia, ili maji yatoke pembeni na kuingia kwenye majani. Kazi kubwa si kuyajenga, bali kuyazibua, kwa sababu hujaa udongo na majani makavu. Watu kumi wenye majembe na koleo wanaweza kuzibua kipande kirefu kwa asubuhi moja.

Wakati mzuri ni Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Lakini usiende kuchimba kwa hiari yako tu. Mwone kwanza ofisa wa msitu, mkubaliane ni wapi na namna gani.

Tusidhani haya ni ndoto. Huko Marekani kuna njia ya miguu iitwayo Appalachian, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,500, iliyokamilika mwaka 1937. Mpaka leo hutunzwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Siri yao ni rahisi: kila kikundi kina kipande chake, na kinajulikana nacho. Kikundi chetu hakiwezi kutunza milima yote ya Ngong. Kinaweza kutunza nusu kilomita.

4. RUDI NA TAKA ZAKO, NA ZA MWENZIO

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017. Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za plastiki za kutumia mara moja na kutupa haziruhusiwi katika mbuga na misitu inayolindwa. Beba maji kwa chupa ya kudumu. Beba pia gunia moja dogo la kikundi, na kila safari mrudi nalo likiwa na kitu. Wala msiwashe moto wa kuchomea nyama nje ya mahali palipotengwa. Kiangazi nyasi za Ngong zikishika moto pamoja na ule upepo wa mlimani, hakuna ndoo itakayotosha.

5. PANDA MITI, LAKINI URUDI

Kupanda mti na kupigwa picha ni dakika tano. Kuupalilia ni miaka mitatu. Afadhali kikundi kipande miche ishirini na kuirudia kuliko mia mbili na kuisahau. Pandeni miti ya kienyeji kama muhugu na mutamaiyo, mahali mlipoonyeshwa na ofisa. Kung'oa lantana inayosonga miche michanga nako ni kazi ya maana kama kupanda.

6. INGIENI KATIKA CHAMA CHA MSITU

Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu wananchi kuunda chama cha jamii cha msitu, wakakisajili, na kuomba kushiriki pamoja na KFS katika kuutunza msitu. Humo wamo wafugaji wa nyuki, wenye vitalu vya miche, waongozaji wa wageni na wengineo. Watembeaji pia wana haki ya kusikika. Mfano mzuri tunao hapa mjini. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kuni za reli. Mwaka 1993 raia waliunda kikundi cha marafiki wa bustani hiyo ili isiachwe iharibike. Ndiyo maana leo twaweza kutoka mjini kwa miguu tukapumzike chini ya miti yake.

7. NUNUA KWA MWENYEJI

Anayekaa chini ya mlima akiona wageni wakipita na kuacha vumbi tu, kwa nini aulinde? Kula chapati na chai Ngong mjini, nunua asali, chukua kijana wa hapo akuongoze. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni mapito gani ya umma karibu nasi yaliyofungwa au kuzungushiwa ua tangu tulipokuwa watoto? Nani aliuliza?
2. Tukiona kigingi kipya au miti ikikatwa msituni, tutamwambia nani, na tutaandika nini? (Tarehe, mahali, tulichoona.)
3. Ni kipande gani tunachoweza kukiita chetu?

KAZI YA MWEZI HUU

Chagueni watu wawili waende kwa ofisa wa msitu ulio karibu nanyi. Wamuulize mambo mawili tu: kipande kipi kina shida, na siku gani anaweza kutupokea. Kisha wengine wote waanze kutafuta majembe. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.