Je, Muziki Unaweza Kubeba Laana? Somo Kutokana na Filamu "The Sonata"



Wapendwa waseminari na waamini, vijana wetu wengi siku hizi hutazama filamu za kutisha kwenye simu, kisha huja na maswali mazito. Je, wimbo unaweza kuita pepo? Je, nyumba inaweza kuwa na laana? Je, mtoto hurithi maagano ya baba yake na shetani? Maswali haya yasichekwe. Leo tuyatazame kwa msaada wa filamu moja, The Sonata ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Andrew Desmond.

1. Kisa chenyewe

Rose ni msichana mpiga fidla mwenye kipaji. Baba yake, Richard Marlowe, ni mtunzi mashuhuri wa muziki ambaye hakumlea. Baba huyo anajiua kwa kujichoma moto, na Rose anarithi jumba lake la kale nchini Ufaransa. Ndani ya jumba anakuta utunzi wa mwisho wa baba yake, sonata ya fidla, na katika karatasi za noti kuna alama ngeni. Charles, anayesimamia kazi zake za muziki, anaanza kuzichunguza. Kadiri wanavyozifumbua, ndivyo inavyoonekana kwamba sonata hiyo imetungwa ili kufungua mlango wa nguvu za giza.

Mwisho wake sitausimulia. Swali letu ni hili: filamu inasema nini kuhusu uovu, na Kanisa linafundisha nini?

2. Hadithi ya zamani

Hofu ya fidla na shetani haikuanza na filamu hii. Mtunzi Mwitalia Giuseppe Tartini (1692–1770) alisimulia kwamba aliota shetani akimpigia fidla kwa ustadi wa ajabu. Alipoamka akajaribu kuandika alichosikia. Utunzi huo hadi leo huitwa kwa jina la shetani. Wanaopenda hadithi hiyo mara nyingi husahau kwamba Tartini alitumikia miaka mingi kama mpiga fidla wa Basilika ya Mtakatifu Antonio huko Padua, kuanzia mwaka 1721. Ndoto yake haikumwondoa kanisani.

Niccolò Paganini (1782–1840) aliumizwa zaidi na uvumi. Alipiga fidla kwa namna ambayo watu hawakuwahi kuisikia, naye alikuwa mwembamba na mgonjwa, basi wakasema ameiuza roho yake. Ilimbidi kuchapisha barua ya mama yake kuonyesha kwamba alizaliwa na wazazi kama watu wengine. Alipofariki Nice bila kupokea sakramenti za mwisho, askofu wa huko alikataa asizikwe katika ardhi iliyobarikiwa. Mwili wake ulihamishwahamishwa miaka mingi, na mwaka 1876 ndipo ulipolazwa Parma. Tuone hapo uvumi unavyoweza kumfuata mtu hata baada ya kaburi.

Wanakwaya nao huenda wamesikia kwamba Kanisa lilipiga marufuku umbali wa noti kutoka fa hadi ti kwa kuwa ni "shetani katika muziki". Walimu wa zamani waliutumia usemi huo kwa sababu umbali huo ni mgumu kuimba na sauti yake haitulii. Hakuna sheria ya Kanisa inayojulikana iliyoufanya kuwa dhambi. Tena noti hizo mbili husikika pamoja katika nyimbo nyingi tunazoimba kwenye Misa, hasa pale wimbo unapokaribia kutua kwenye do.

3. Kosa la filamu

Katika filamu, anayezipanga noti na alama sawasawa anapata nguvu. Hiyo ndiyo fikra ya uchawi: kwamba kuna fomula inayolazimisha ulimwengu wa roho kutii. Katekisimu (KKK 395) inatufundisha kwamba uwezo wa shetani una mipaka. Yeye ni kiumbe tu, wala hawezi kuuzuia Ufalme wa Mungu usijengwe. Noti ni sauti, na sauti imeumbwa na Mungu.

Tumtazame Sauli. Daudi alipompigia kinubi, alipata nafuu na roho mbaya ikamwacha (1 Sam 16:23). Lakini Sauli huyohuyo baadaye alijibadilisha mavazi, akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori kuuliza habari kwa wafu (1 Sam 28). Muziki haukumpeleka Endori. Alikwenda kwa miguu yake, kwa sababu ya hofu na kiu ya kujua yajayo. Ndiyo maana Katekisimu (KKK 2116–2117) inakataza ramli na uchawi: ni matendo ambayo mtu anayachagua.

4. Ukweli wa filamu

Hata hivyo, filamu inaona vizuri jambo moja. Rose na Charles hawavutwi na kitu kibaya kwa sura. Wanavutwa na muziki mzuri, jina kubwa, na heshima ambayo Rose hakuipata kwa baba yake. Vishawishi huja hivyo, vikiwa vimevaa kile tunachokipenda. Bwana wetu jangwani alionyeshwa milki zote na fahari yake (Mt 4:8). Mtakatifu Agostino naye, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anakiri kwamba hata uimbaji wa kanisani ulikuwa hatari kwake pale utamu wa sauti ulipomgusa kuliko maneno yanayoimbwa. Mwanakwaya anayeimba ili asifiwe ana jambo la kuogopa kuliko alama za Marlowe.

5. Urithi wa baba

Jambo hili linagusa familia nyingi. Kwetu husemwa, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Waisraeli nao walikuwa na methali yao ya wazazi kula zabibu chungu na meno ya watoto kutiwa ganzi. Kwa kinywa cha Ezekieli (sura ya 18) Mungu aliwakataza kuitumia, akafundisha kwamba kila mtu atawajibika kwa dhambi yake mwenyewe. Majeraha ya wazazi hutufikia kweli: ulevi, kutelekezwa, ugomvi. Hatia yao haitufikii. Rose alirithi karatasi, lakini uamuzi wa kuzipiga ulikuwa wake. Hivyo asitokee mtu kumwambia mbatizwa kwamba amefungwa na laana ya babu, kisha akamdai fedha ili amfungue.

6. Mwamini akisema, "Nyumba yangu ina mapepo"

Mseminari, utaambiwa hivyo. Kwanza sikiliza, usicheke wala usitishe. Pili, uliza habari za usingizi, ugonjwa, msiba na ugomvi; KKK 1673 inatutaka tutofautishe ugonjwa na kazi ya mwovu. Tatu, sali pamoja na familia, na mwombe paroko aibariki nyumba. Nne, usijaribu kupunga pepo. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inadai ruhusa ya wazi ya askofu mahalia, naye humpa padre mwenye uchaji, elimu, busara na maisha adilifu. Mwisho, irudishe familia kwenye Kitubio na Ekaristi, maana hapo Kristo anatenda mwenyewe.

Maswali ya kutafakari

1. Ni kitu gani kizuri ninachokipenda kiasi cha kunifanya nifumbe macho nisione ubaya?
2. Je, nimewahi kueneza uvumi kwamba mtu fulani ni mchawi au ana pepo? Nitaurekebishaje?
3. Ninapoimba kanisani, namwimbia nani?

Tuombe: Ee Bwana, uliyemtuliza Sauli kwa kinubi cha Daudi, utuondolee hofu zisizo na msingi, na utupe kuogopa dhambi tu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.