Kuviokota Vipande Vilivyosalia: Somo juu ya Usafi wa Sikukuu Zetu za Uwanjani



Somo hili limetolewa katika sura ya sita ya Injili Takatifu kama alivyoiandika Mtakatifu Yoane. Kila Mkristu ameijua habari yenyewe tangu utoto: mikate mitano ya shayiri, samaki wawili, na watu waume wapata elfu tano walioketi majanini. Tunapoifundisha, sauti yetu huinuka kwenye muujiza, kisha hushuka upesi, kana kwamba mambo yalikwisha watu waliposhiba. Hayakuwa yamekwisha. Bwana wetu aliwaagiza Mitume waviokote vipande vilivyosalia, kisipotee hata kimoja, nao wakajaza vikapu kumi na viwili.

Tulitazame vema jambo hilo. Yeye aliyeizidisha mikate kwa neno la shukrani hakuwa na haja ya makombo. Angaliweza kuwaachia ndege wa mlimani. Tena kazi hiyo hakuwapa wale elfu tano, wala yule mtoto aliyekuwa na mikate. Aliwapa Mitume wake, yaani watumishi wa karamu yenyewe. Katika sikukuu zetu nyingi tumelipindua fundisho hilo: wanaogawa ni watu wa heshima, wenye kitambaa begani, na wanaookota ni wajane na watoto, kesho yake asubuhi, wala hakuna wa kuwashukuru.

Katika jimbo letu la Butembo-Beni, ni makanisa machache yanayoweza kuwatosha watu siku ya upadirisho, ya jubilei, au ya maandamano ya Ekaristi Takatifu. Basi twatoka nje, twajenga altare uwanjani, na baada ya Misa twala pamoja. Ni desturi njema, wala asiwepo wa kuikataza. Lakini jioni, watu wakiisha kwenda, tuugeukie uwanja ule. Mifuko ya plastiki, ile iitwayo sashe, imetanda kila mahali. Chupa za maji zimekanyagwa. Sahani nyepesi zapeperushwa na upepo hata chini ya altare. Wazee wetu walikula karamu juu ya majani ya migomba na kunywa kasiksi katika vibuyu. Walichokitupa, udongo ulikila. Sashe haiozi, mwaka ujao utaikuta pale pale imefunikwa na vumbi.

Butembo ni mji wa vilima, nayo mvua yake twaijua. Kinachoachwa juu ya kilima hakikai juu. Huteremka pamoja na maji, huziba mifereji, hutuama mabondeni na kuzaa mbu, na kingine huangukia mto Kimemi upitao katikati ya mji. Basi anayesherehekea juu humpelekea jirani wa chini takataka zake, naye jirani huyo hakualikwa karamuni. Mbuzi huila plastiki pamoja na majani, ikamfunga tumbo hata akafa. Nani atamlipa mwenye mbuzi? Wengine hudhani wamefanya vema kwa kuichoma moto, kumbe moshi wake ni sumu kwa wavutao pumzi, hasa watoto wachanga na wagonjwa wa kifua. Kwa sababu hizo twasema kwamba jambo hili si la usafi tu. Ni la haki, nalo ni la amri ya kumpenda jirani. Baba Mtakatifu Fransisko alilifundisha wazi katika barua yake Laudato si' ya tarehe 24 Mei 2015, ambamo alihesabu kupunguza plastiki na kutenga takataka kuwa miongoni mwa matendo ya upendo.

Serikali ya Kongo nayo, kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Kila aendaye sokoni ajua jinsi amri hiyo inavyoshikwa. Mkristu asingoje polisi amfundishe.

Sasa, tufanyeje? Kosa letu kubwa ni kuanza kuyafikiri masalio wakati yamekwisha kutapakaa. Baraza la parokia linapokutana kuitengeneza sikukuu, huuliza ni kwaya gani itaimba, nani atapika, wageni watakaa wapi. Siku hiyo hiyo liulize pia: nani ataokota, kwa vyombo gani, na vitu hivyo vitakwenda wapi? Kila shirika lipewe sehemu yake ya uwanja, likabidhiwe safi na kuirudisha safi. Vijana wa Xaveri na watoto wa Kizito-Anuarite wamezoea utaratibu. Wasimame penye vikapu, wawaonyeshe watu.

Maganda ya ndizi, mabaki ya fufu na sombe, na majani yaliyofungia chakula yatupwe katika shimo moja, maana ni mali: yakioza huwa mbolea ya kabichi na vitunguu. Chupa za bia na za limonadi zirudi katika kreti zake, kwa kuwa zina amana, na fedha hiyo isipotee. Chupa za plastiki zilizo nzima hazikosi mtu. Akina mama wa sokoni huzitafuta watie mafuta au pombe. Inabaki sashe chafu na sahani zilizovunjika. Kwa hizo, tuseme kweli, hatuna njia nzuri. Dawa yake ni kutozileta. Basi tangazo lisomwe Dominika mbili kabla: kila familia ije na sahani zake na vikombe vyake, maji yaletwe katika bidoni zilizo safi, na chakula kifungwe katika majani. Kila mtu na kikombe chake, wala si kikombe kimoja kwa watu kumi. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hata tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliwaua watu zaidi ya 2,200 katika nchi zetu hizi, nasi tukajizoeza kunawa mikono kabla ya kuingia kanisani. Wasiseme, basi, kwamba watu wetu hawawezi kujifunza desturi mpya.

Chakula kilicho kizima kikisalia, kipelekwe siku ile ile kwa wagonjwa, au kwa wafungwa wa Kakwangura na Kangbayi. Kisingoje kesho kikachacha, ndipo kitolewe kwa jina la sadaka. Mwenye heri Floribert Bwana Chui wa Goma aliuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa kupokea hongo ili chakula kilichoharibika kiingizwe sokoni. Kanisa lilimtangaza Mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Maskini hali kilichooza.

Vyoo pia visisahauliwe. Wako wanaoona haya kulitaja neno hili katika mafundisho ya dini, lakini Musa hakuona haya: katika Kumbukumbu la Torati aliwaamuru Waisraeli wawe na chombo cha kuchimbia nje ya kambi, kwa sababu Mungu mwenyewe hutembea kambini.

Kwa ndugu zetu wa Beni liko neno la pekee. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka katika kanisa la parokia ya Emmanuel-Butsili, kabla ya Misa ya Kipaimara, likawajeruhi akina mama wawili. Baada ya tukio hilo, mfuko ulioachwa chini ya kiti pasipo mwenyewe si takataka tu, unatia hofu. Kwa hiyo uwanja ufagiliwe kabla ya sikukuu, ubaki mtupu kabisa, ili kitu kigeni kionekane mara moja. Na watoto waokotao wafundishwe kutogusa kamwe furushi lililofungwa wasilolijua. Wakae mbali, wamwite mkubwa, naye awaite wenye ulinzi.

Mwisho, mkatekista awakumbushe wanafunzi wanachokiona katika kila Misa. Baada ya Komunyo, padri hukusanya chembe za Hostia zilizobaki juu ya patena, huzitia katika kalisi, na maji ya kuioshea huyanywa. Hatuchanganyi Mwili wa Bwana na takataka, hasha! Lakini aliyemwona padri akiinamia chembe isiyoonekana, kisha akatoka na kutupa chupa yake penye miguu ya altare, hakuitazama Misa.

Maulizo kwa wanafunzi

Ulizo: Bwana aliwaagiza nani kuviokota vipande?
Jibu: Aliwaagiza Mitume wake.

Ulizo: Kwa nini kutupa takataka kilimani ni kosa juu ya jirani?
Jibu: Kwa sababu mvua huzichukua mpaka kwake, naye hupata hasara na ugonjwa.

Ulizo: Je, kuusafisha uwanja siku ya Dominika ni kuvunja amri ya Mungu?
Jibu: Sivyo. Kanisa lakataza siku hiyo kazi zinazozuia ibada, furaha na pumziko. Kuusafisha uwanja wa Misa kwafanana na kukunja vitambaa vya altare. Lakini kubeba mbolea mpaka shambani kwaweza kungoja Jumatatu.