Kulinganisha Samadi ya Nchi Mbili za Visiwa

Katika mazoezi ya kufundisha tulimwona mwanachuo mmoja akiandika ubaoni: Nyuzilandi 190, Ayalandi 170. Akawauliza watoto wa darasa la sita ni nchi ipi ambayo mifugo yake yachafua maji zaidi. Mikono yote ikainuka, jibu likawa moja, na mwanachuo akafurahi. Sisi tuliokaa nyuma ya darasa hatukufurahi, kwani tarakimu zile hazikuhesabu kitu kimoja.

Kilo 170 ni kiasi cha naitrojeni ya samadi kinachoruhusiwa kwa hekta kwa mwaka chini ya sheria ya Ulaya ya mwaka 1991, pamoja na ile inayoangushwa na wanyama wenyewe malishoni. Baadhi ya wakulima wa Ayalandi wamepata idhini ya kukizidi kiasi hicho. Kilo 190 ni kikomo kilichowekwa na Nyuzilandi mwaka 2021, nacho chahusu naitrojeni ya mbolea ya viwandani. Samadi haimo kabisa. Kuzilinganisha ni sawa na kulinganisha umri wa mtoto mmoja na uzito wa mwenziwe.

Hatuna budi, basi, kuanza na jinsi jambo lenyewe linavyotendeka. Naitrojeni iliyomo katika mkojo na kinyesi hugeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa amonia, kisha naitreti. Chembe za udongo huishika amonia vizuri kiasi, lakini naitreti haishikwi. Isiponyonywa na mizizi, mvua huizamisha hadi maji ya ardhini. Hapo ndipo nchi hizi mbili zinapoachana. Ng'ombe wa Nyuzilandi aghalabu hulisha nje mwaka mzima. Pale ng'ombe wa maziwa anapokojoa, naitrojeni katika kipande hicho kidogo huweza kuwa sawa na kilo 700 hadi 1,000 kwa hekta, na nyasi haziwezi kuimaliza, hasa majira ya baridi zinapokua polepole. Katika tambarare za Canterbury, zenye udongo mwembamba wa changarawe, maji hupita upesi. Ng'ombe wa Ayalandi, kwa upande wao, hufungiwa mabandani wakati wa baridi. Samadi yao ya majimaji huhifadhiwa katika mashimo, na sheria huzuia kuimwaga mashambani miezi hiyo. Hata hivyo hukaa malishoni miezi mingi, na mkojo wao wa mwisho wa majira hukutana na mvua.

Darasani yatosha kopo lililotobolewa chini, lenye mchanga. Mimina maji matupu kwanza, uyakinge, na uyakaushe juani katika kifuniko cheusi. Kisha tia chumvi juu ya mchanga, umimine tena na ukaushe. Watoto wataona ukoko mweupe. Usiruke hatua ya maji matupu: mtoto mwerevu atauliza kama chumvi haikuwamo mchangani tangu awali, naye ana haki ya kuuliza.

Baada ya hapo lete hesabu, kwa tarakimu za kubuni, na useme wazi kuwa ni za kubuni. Nchi ya kwanza yapoteza kilo 90,000 katika hekta 3,000. Ya pili kilo 60,000 katika hekta 1,000. Kwa jumla ya kwanza imezidi. Kwa hekta, 30 dhidi ya 60, ya pili imezidi maradufu. Anayekunywa maji ya kisima cha nchi ya pili hapati nafuu yoyote kwa udogo wa jumla ya nchi yake.

Kisima chenyewe kina mtego wake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita, kwa sababu naitreti ikizidi huweza kuizuia damu ya mtoto mchanga anyweshwaye maziwa ya kopo isibebe oksijeni. Katika taarifa za Nyuzilandi mara nyingi utakuta 11.3. Ni kikomo kile kile: huko imepimwa naitrojeni peke yake, ambayo ni sehemu 14 kati ya 62 za uzito wa naitreti. Mwachie mwanafunzi azidishe 50 kwa 14, agawe kwa 62. Kisha mpe jedwali lenye safu ya tatu, kabla ya tarakimu, yenye kichwa hiki: "Kilichopimwa ni nini?"