Kufuli la Faili Katika Mtandao wa Kompyuta

Faili iliyohifadhiwa katika kompyuta kuu ya mtandao, yaani seva, yaweza kutumiwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Manufaa hayo yana hatari yake. Ichukuliwe faili ya ghala yenye hesabu ya magunia 100. Karani wa kwanza asoma 100, naye ataka kuongeza magunia 20 yaliyopokewa. Kabla hajaandika, karani wa pili pia asoma 100, akitaka kuondoa 30 yaliyotolewa. Wa pili aandika 70. Kisha wa kwanza aandika 120. Ghalani mna magunia 90. Siku ya ukaguzi mtunza ghala atadaiwa magunia 30 ambayo hakuna aliyeyaiba.

Aina mbili za kufuli

Kinga ya kosa hili ni kufuli. Kufuli la pamoja huruhusu wasomaji wengi, lakini huzuia mwandishi. Kufuli la pekee humpa mmoja tu ruhusa, na wengine hungoja. Seva huweka jedwali linaloonyesha faili, sehemu yake iliyofungwa, na kompyuta inayoshika kufuli. Karani sharti afunge kabla ya kusoma, wala si kabla ya kuandika tu. Akishafunga, kompyuta yake iache nakala ya zamani na isome upya kutoka kwenye seva. Na kabla ya kufungua, ipeleke huko mabadiliko yote.

Tatizo la kumbukumbu

Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilibuni mfumo wa faili za mtandao uitwao NFS. Katika matoleo yake ya mwanzo, seva haikuhitaji kuwakumbuka wateja wake. Ikizimika na kuwaka tena, mteja alirudia ombi lake tu. Lakini kufuli lenyewe ni kumbukumbu. Kwa hiyo kazi hiyo ilipewa programu za pembeni: moja ya kusimamia makufuli, nyingine ya kuangalia ni nani aliyezimika na kuwaka tena.

Seva inapowaka upya, jedwali lake limepotea. Hivyo hutoa muda wa kungoja ili wenye makufuli ya awali wayadai tena. Maombi mapya hukataliwa kwa muda huo. Mteja anapowaka upya, seva huarifiwa na kuyafungua makufuli yake. Lakini mteja asiyewaka tena huacha faili imefungwa, na wenziwe hungoja bila mwisho.

Kufuli lenye muda

Toleo la nne la NFS, lililotangazwa mwaka 2000, liliingiza makufuli katika mfumo wenyewe na kuyawekea muda. Mteja sharti auhuishe muda huo mara kwa mara. Akinyamaza hadi uishe, seva yaweza kumpa mwingine kufuli. Muda mfupi mno humnyang'anya mteja aliye hai kwa sababu ya hitilafu ndogo ya mtandao. Muda mrefu mno huwachelewesha wengine.

Basi ugumu wa kufuli haumo katika kufunga, bali katika kuamua kama mwenye kufuli angali hai.

Maswali

1. Kwa nini kufunga wakati wa kuandika tu hakutoshi?
2. Muda wa mteja ni sekunde 90, na mtandao umekatika kwa dakika 2. Je, aendelee kuandika? Toa sababu.