Golikipa wa Barafuni: Kazi ya Jacques Plante na Kanuni za Mwendo

Hoki ya barafuni ni mchezo wa nchi za baridi, na sura yake ya leo ilitokea Kanada katika karne ya 19. Wasomaji wanaoifahamu hoki ya majani, ambayo Kenya ilianza kuipelekea timu kwenye Michezo ya Olimpiki mwaka 1956 na Tanzania mwaka 1980, wataitambua fimbo iliyopinda mwishoni. Mengine ni tofauti. Wachezaji 6 wa kila upande, golikipa akiwa mmoja wao, huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye ukingo wa chuma. Badala ya mpira wa duara hupigwa kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5 na tungamo la gramu 156 hadi 170. Kisahani hicho hugandishwa kabla ya mchezo, kwa sababu mpira uliopoa sana hupoteza sehemu ya mnyumbuko wake. Hivyo hakidundi ovyo, bali huteleza sawasawa juu ya barafu.

Lango lina upana wa meta 1.83 na kimo cha meta 1.22. Mtu aliyezoea lango la kandanda ataliona dogo mno, lakini ugumu wa kazi ya golikipa hauko katika ukubwa wa lango. Mshambuliaji hodari anaweza kukipiga kisahani kikaenda kwa kasi ya kilometa 160 kwa saa, yaani meta 44 hivi kwa sekunde. Kikipigwa kutoka umbali wa meta 18, hufika langoni kwa sekunde 0.41. Macho, ubongo na misuli ya binadamu huhitaji takriban sekunde 0.2 kabla mkono haujaanza kuitikia jambo lililoonekana. Kwa hiyo karibu nusu ya muda huo hupita golikipa akiwa bado hajatikisika. Na shuti likipigwa kutoka meta 9, muda wote huwa umekwisha. Hakuna wepesi wa mwili unaoweza kuliziba pengo hilo. Golikipa analazimika kuwa amekwisha kusimama mahali panapofaa kabla shuti halijapigwa.

Jambo hilo lilieleweka vyema kwa Jacques Plante, mmoja wa makipa mashuhuri kabisa katika historia ya mchezo huo. Plante alizaliwa tarehe 17 Januari 1929 katika kijiji cha Notre-Dame-du-Mont-Carmel, jimboni Quebec, akiwa mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto 11. Alikuwa na ugonjwa wa pumu, hakuweza kuteleza kwa muda mrefu bila kuishiwa pumzi, na hiyo ndiyo sababu iliyomwingiza langoni. Mama yake alimfundisha kufuma, naye aliendelea kujifumia kofia za sufu hata alipokuwa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1952 alicheza mara ya kwanza katika timu ya Montreal Canadiens, na kuanzia mwaka 1956 hadi 1960 timu hiyo ilitwaa Kombe la Stanley mara 5 mfululizo, jambo ambalo hakuna timu nyingine imelifanya.

Plante alijulikana kwa tabia ya kutoka langoni. Alikifuata kisahani hata nyuma ya lango, akakisimamisha na kuwapa walinzi wake. Baadhi ya watazamaji waliiona tabia hiyo kuwa ni mbwembwe, lakini hesabu ya jometri inaonyesha kwamba golikipa anayesogea mbele ana hoja. Mwanafunzi achore pembetatu ambayo kitako chake ni mstari wa lango, wenye meta 1.83, na kilele chake ni kisahani kilicho meta 12 mbele ya katikati ya lango. Golikipa akisimama juu ya mstari, upana anaopaswa kuuziba ni meta 1.83 zote. Akisogea mbele meta 3, pembetatu ndogo iliyobaki mbele yake ina kimo cha meta 9. Kwa kuwa pembetatu hizo mbili zina umbo moja, upana uliobaki ni 1.83 × 9 ÷ 12, yaani meta 1.37. Akisogea meta 6, upana huo unakuwa nusu tu, meta 0.92 hivi, ambao mwili wa mtu mzima aliyevaa kinga za miguu na glavu unaweza kuuziba karibu wote.

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Mshambuliaji akighairi kupiga, akampa mwenzake aliye pembeni, lango zima linabaki tupu nyuma ya golikipa aliyetoka. Hivyo kila hatua ya mbele ni ukadiriaji wa haraka: ni wapi kisahani kilipo, ni nani anayeweza kupewa, na ni muda gani utakaohitajika kurudi. Plante aliyafikiria mambo hayo kwa utaratibu, na mwaka 1972 kilichapishwa kitabu chake kuhusu mbinu za kulinda lango.

Kadiri golikipa anavyokikaribia kisahani, ndivyo uso wake unavyokuwa hatarini. Hadi miaka ya 1950 makipa walivaa kinga nene miguuni, kifuani na mikononi, lakini uso ulikuwa wazi kabisa. Mwaka 1930 golikipa Clint Benedict alijaribu kuvaa barakoa ya ngozi baada ya kuumizwa usoni, akaiacha upesi kwa kuwa ilimzuia kuona. Baada ya hapo ilijengeka imani kwamba golikipa anayeficha uso wake ni mwoga, na kwamba hofu yenyewe ndiyo inayomfanya awe macho. Imani hiyo ililipiwa kwa mifupa ya watu. Plante mwenyewe alivunjika mifupa ya mashavu mazoezini katikati ya miaka ya 1950, akaanza kuvaa kinga ya uso wakati wa mazoezi. Katika mechi, kocha wake, Toe Blake, hakumruhusu.

Ni vyema kupima ukubwa wa hatari yenyewe. Kisahani cha kilogramu 0.17 kinachokwenda meta 44 kwa sekunde kina nishati ya mwendo ya jouli 165 hivi. Jiwe la kilogramu 1 lingepaswa kuangushwa kutoka kimo cha meta 16 na nusu, yaani juu ya ghorofa ya tano, ili lifike chini likiwa na nishati kama hiyo. Momenta ya kisahani, yaani tungamo lake likizidishwa kwa kasi yake, ni 0.17 × 44, au karibu 7.5 katika vizio vya kilogramu-meta kwa sekunde. Momenta hiyo yote lazima iondolewe ili kisahani kisimame, na kani inayohitajika hutegemea muda wa kukisimamisha. Kikisimama kwa sekunde 0.002, kani ya wastani ni nyutoni 3,750. Muda ukirefushwa hadi sekunde 0.01, kani hushuka hadi nyutoni 750. (Vipindi hivyo viwili vimechaguliwa kwa ajili ya hesabu tu.) Ndiyo maana mtu anayedaka yai huurudisha mkono wake nyuma pamoja nalo.

Kuna njia ya pili ya kupunguza madhara, nayo ni kuitawanya kani hiyo juu ya eneo kubwa. Kisahani kikimpiga mtu kwa ukingo wake, eneo linaloguswa laweza kuwa sentimita mraba 2 tu. Nyutoni 3,750 juu ya eneo hilo ni kanieneo ya nyutoni 1,875 kwa kila sentimita mraba, na shavu hupasuka. Kani ile ile ikitawanywa juu ya sentimita mraba 50 za paji la uso, mashavu na kidevu, kanieneo inakuwa nyutoni 75 kwa kila sentimita mraba, yaani sehemu moja ya 25. Hivyo ndivyo ilivyofanya kazi barakoa ambayo Bill Burchmore, mfanyakazi wa kampuni ya Fiberglas Canada, alimtengenezea Plante. Uso wa Plante ulipakwa plasta, ukapatikana mfano wake kamili, na juu ya mfano huo zikatandazwa nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ya plastiki. Ganda lililopatikana lilikuwa jepesi, gumu, na lililoufuata uso kila mahali. Kama lingegusa pua peke yake, lisingekuwa na faida yoyote.

Tarehe 1 Novemba 1959 Montreal ilicheza na New York Rangers katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York. Mchezo ulikuwa haujafika mbali wakati shuti la Andy Bathgate lilipompiga Plante usoni na kumpasua. Aliondolewa, akashonwa, kisha akatamka kwamba hatarudi langoni bila barakoa yake. Siku hizo timu haikulazimika kuwa na golikipa wa akiba aliyevaa tayari; kanuni hiyo ilikuja miaka kadhaa baadaye. Blake hakuwa na mtu mwingine wa kutegemewa, akakubali kwa shingo upande. Plante akarudi, na Montreal ikashinda kwa mabao 3 kwa 1.

Makubaliano yalikuwa kwamba barakoa ingevuliwa jeraha litakapopona. Lakini timu iliendelea kushinda, hata ikafikisha michezo 18 bila kushindwa. Tarehe 8 Machi 1960, kwa ombi la Blake, Plante alicheza na Detroit uso ukiwa wazi, na Montreal ikafungwa mabao 3 kwa 0. Katika mchezo uliofuata barakoa ilirudi, na haikuondolewa tena.

Hapa mwalimu wa sayansi anapaswa kuwatahadharisha wanafunzi wake. Kisa hiki husimuliwa mara kwa mara kana kwamba kilithibitisha kuwa barakoa huleta ushindi. Hakikuthibitisha hivyo. Montreal ilikuwa timu bora kuliko zote kabla barakoa haijavaliwa, na mchezo mmoja wa kushindwa hautoshi kuwa kipimo. Jambo lililoonyeshwa ni dogo zaidi, na bado lina uzito: dai la kwamba golikipa aliyefunikwa uso hawezi kuona wala kucheza vizuri halikuungwa mkono na matokeo yaliyoonekana. Hilo lilitosha kuwatuliza waliotaka kujikinga lakini wakiogopa kuitwa waoga. Hata hivyo mabadiliko hayakuwa ya siku moja. Lorne Worsley alikataa barakoa mpaka michezo yake ya mwisho mwaka 1974, na mwaka huo huo Andy Brown akawa golikipa wa mwisho kucheza katika Ligi ya Taifa ya Hoki uso ukiwa wazi.

Plante alipata Tuzo la Hart, linalopewa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake, mwaka 1962. Mwaka 1963 alihamishiwa New York, akastaafu mwaka 1965, kisha akarudi mwaka 1968 kuichezea St. Louis Blues. Huko ndiko barakoa ilikopata mtihani wake mkubwa. Katika fainali ya mwaka 1970 dhidi ya Boston, shuti la Fred Stanfield liligeuzwa njia na fimbo ya Phil Esposito, likampiga Plante kwenye paji la uso. Barakoa ilivunjika, naye akaanguka na kuzirai. Alipopata fahamu alisema kwamba barakoa ndiyo iliyomwokoa maisha.

Yawezekana alisema kweli, lakini mwanafunzi makini atauliza: ikiwa kanieneo ilitawanywa, kwa nini alizirai? Jibu ni kwamba barakoa hupunguza kanieneo lakini haiwezi kuifuta momenta. Kichwa cha mtu mzima kina tungamo la kilogramu 5 hivi. Kikipokea momenta yote ya 7.5, huku shingo ikichukuliwa kuwa haikuzuia kitu, kitasukumwa kwa kasi ya meta 1.5 kwa sekunde. Hilo likitokea ndani ya sekunde 0.002, mchapuko wake ni meta 750 kwa sekunde kila sekunde, kiasi cha mara 75 ya ule wa kitu kinachoanguka. Fuvu huenda, ubongo ulio ndani yake huchelewa, kisha huvutwa na kutikiswa. Ganda lililolala juu ya ngozi halirefushi muda wa pigo ila kidogo sana. Kwa sababu hiyo barakoa za makipa wa leo hazigusi uso: ni kofia ngumu yenye wavu wa chuma mbele, na ndani yake kuna sponji inayobonyea. Hata hizo hazijaondoa kabisa mtikisiko wa ubongo.

Plante alirudi barafuni. Msimu wa 1970 hadi 1971, akiwa Toronto na umri wa miaka 42, alifungwa kwa wastani wa mabao 1.88 tu kwa mchezo. Mchezo wake wa mwisho katika ligi za kulipwa aliucheza na Edmonton Oilers mwaka 1975. Alifariki dunia mjini Geneva, Uswisi, mwezi Februari 1986.

Kwa zoezi la darasani, mwalimu anaweza kuuliza yafuatayo. Kisahani cha gramu 160 kinakwenda kilometa 126 kwa saa: kina momenta gani, na nishati gani ya mwendo? Kikisimamishwa na sponji kwa sekunde 0.008, kani ya wastani ni nyutoni ngapi? Tena, kisahani kikiwa meta 10 mbele ya lango, golikipa asogee mbele meta ngapi ili upana wa kuzibwa uwe meta 1.10? Wanafunzi wenye bidii wajaribu kuichora pembetatu hiyo upya kisahani kinapokuwa pembeni badala ya katikati, wapime kwa rula upana unaobaki, na waeleze kwa nini makipa hupenda kuwasukumia washambuliaji pembeni.